Nangila Hasimami Tena kwa Kichwa

Kikuubo, soko la jumla la Kampala, saa nne asubuhi si mahali pa kusimama ukawaza. Ukisimama, mchukuzi anakupitia na gunia lake la sukari. Ukiwaza, mkoba wako umekwenda. Nangila alilijua hilo, ndiyo maana siku ile alijibana kwenye mlango wa duka la magodoro, mkoba ameukumbatia kifuani, akingoja muuzaji amalize kubishana na mama mmoja aliyetaka magodoro matatu kwa bei ya mawili. Alivaa suruali nyeusi ya kubana, shati la kijani la mikono mirefu, na raba ambazo zilitoka nyumbani zikiwa nyeupe.

Muuzaji mwenyewe alikuwa pande la mtu, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, sauti ya kusikika mpaka kituo cha teksi. Lakini Nangila hakumtazama uso. Alimtazama miguu. Kamba za viatu zilikuwa wazi, na juu ya viatu vifundo vilikuwa vimevimba hadi lastiki ya soksi ikazama kwenye nyama. Kila baada ya maneno mawili jamaa alihamisha uzito, mguu huu, mguu ule, huku amekunja uso.

"Nikusaidie nini, nyabo?" aliuliza mama yule alipoondoka.

"Nataka mikeka ya sponji kumi na miwili. Halafu nataka ulale chini."

"Nilale?"

"Chini. Hapo katikati ya magodoro, miguu uiweke ukutani. Imekuvimba tangu lini?"

Jamaa alimpandisha na kumshusha, kama mtu asiyejua huyu ni mgonjwa au ni tapeli. Kisha akacheka. "Aa, kumbe Mkenya mwenzangu! Kwa lafudhi hiyo wewe ni Mbukusu, sikosei. Mimi Owuor, wa Siaya."

"Nangila, wa Webuye. Usinibadilishie maneno. Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi hapa, na huu ni mwaka wa sita. Nasimama kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua lizame. Nimemeza dawa, nimepaka mafuta. Mama yangu anasema nimekanyaga dawa ya mtu."

"Hujakanyaga kitu. Damu inashuka, kupanda inashindwa. Una presha?"

"Nilipimwa mwezi uliopita, sina."

"Macho je?"

"Nakuona vizuri sana, dada."

"Basi lala."

Sijui ni ile sauti, sijui ni yale macho yasiyopepesa, ila Owuor alilala. Nangila alimsogeza mpaka makalio yakagusa ukuta, akamnyanyulia miguu, visigino juu, mikono pembeni. Mchukuzi mmoja aliyekuwa akipita alitua mzigo wake akapiga yowe: "Banange! Muzee amekufa!" Watu wakajaa mlangoni, simu mikononi, kila mmoja anataka picha. Owuor akaona aibu, akataka kuinuka.

"Usithubutu," Nangila alimwambia. Alikuwa amekaa juu ya magodoro akitazama saa yake. "Waache wacheke. Funga macho. Vuta pumzi, iachie miguu."

Zilipita dakika kumi. Alimgeuza ubavu kwanza, akamketisha, ndipo akamruhusu kusimama. Owuor akainama, akazikamata kamba za viatu, akazifunga. Zikafungika. Mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu Pasaka.

"Dada Nangila," alisema, na sauti ile kubwa ilikuwa imepungua nusu, "una mume?"

"Nina mikeka kumi na miwili ya kubeba."

Owuor akaibeba mwenyewe mpaka Bugolobi, na njia nzima hakuacha kuongea.

Basi ndivyo walivyoanza. Nangila alikuwa mwalimu wa yoga kwenye ghorofa ya juu ya jengo moja nyuma ya maghorofa ya Bugolobi, dirisha moja likitazama miti, jingine likitazama mabohari. Mwenye mahali alikuwa Madam Adyero, binti wa askari aliyekulia kambi ya polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini hasa. "Hapa hakuna duka," alimwambia Owuor siku ya kwanza. "Hapa pumua. Watu yote inakuja na roho juu, inatoka na roho chini."

Owuor alikuja kila Jumanne na Alhamisi jioni. Mwezi wa kwanza Nangila hakumpa kitu kingine, ni miguu ukutani tu. Mwezi wa pili alimwinua hadi akasimamia mabega, blanketi limekunjwa chini yake. Mwezi wa tatu ndipo akamfundisha kusimama kwa kichwa, mgongo karibu na ukuta, vidole vimefumana kisogoni, viwiko vimeshika sakafu. "Uzito uweke kwenye mikono, si shingoni," alimwambia. "Miguu inatua mzigo wake, mabega yanajifunza kazi. Halafu ukishazoea kuiona dunia imepinduka na hujafa, hata wateja wako wakikutukana hutashtuka."

Na kweli hakushtuka. Wachukuzi wa Kikuubo walianza kuulizana Owuor kapatwa na nini. Mteja akimpandishia, yeye anaegemea magodoro, anavuta pumzi, anashusha. Usiku akawa analala mpaka asubuhi. Kamba za viatu zikawa zinafungwa saa moja asubuhi na kufunguliwa nyumbani. Kitu kimoja tu kilimshinda: kuachana na ukuta. Akisogezwa hatua mbili, anaanguka.

"Ukuta ni mke wangu wa kwanza," alijitetea siku moja akiwa kichwa chini, uso mwekundu.

"Basi tafuta mwingine wa kuwa wa pili. Mimi siingii uke wenza."

Darasa zima lilicheka mpaka watu wakaanguka kutoka kwenye mikao yao.

Sasa kuna desturi ya darasa lile nikueleze, maana yote yaliyotokea yalitokea kwa sababu yake. Kila wageni walipoingia, Nangila alisimama mbele akawataja wasioruhusiwa kupindua kichwa. Mwenye presha ya damu. Mwenye shingo mbovu. Mwenye presha ya jicho. Mwenye mimba. Hao walikaa kwenye kona ya dirishani na mto, wakafanya mengine. Lakini mwaka ule Anena, muuza samaki wa Ggaba, alishika mimba. Kabla hajajifungua, mwenzake akashika. Kisha wa tatu. Watu wakasahau yote mengine. Kona ile ikaitwa kona ya wamama, na mwanamke akihamia pale, wenzake hawamwulizi kitu. Wanamletea soksi za mtoto.

Owuor alikuwa akimpigia simu kila adhuhuri, wateja wakipungua.

"Jaber, umekula?" Jaber kwa Kijaluo ndiyo mrembo, na Nangila alijifanya halipendi jina hilo.

"Nimekula. Kuku."

"Nyinyi Wabukusu na kuku! Mtawaacha hata wa mbegu?"

"Na nyinyi Wajaluo, samaki ziwani mmebakisha?"

"Nimekubakishia kichwa. Desemba wazee wangu watakileta Webuye, pamoja na mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Utayasikia hapo hapo Webuye. Wewe mwambie mama yako aanze kuchagua kitambaa."

Wote wawili walikuwa wameokoka, na walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba kila mtu analala kwake mpaka harusi. Owuor aliijua sebule ya Nangila. Mlango wa chumba chake hakuwahi kuuvuka, na hilo lilimfanya atembee Kampala kifua mbele.

Mwezi wa nane Nangila alianza kugonga vitu. Kwanza fremu ya mlango, bega la kushoto. Kisha kwenye mteremko wa Bugolobi, bodaboda ilimpitia karibu imvunje mguu, dereva akamtukana, naye akaapa hakuiona. Alipomwaga chai ya Madam Adyero iliyokuwa mezani upande wa kushoto, aliacha kujidanganya. Kitu hiki alikijua. Alikuwa amekiona nyumbani kwao.

Daktari Opoka alikuwa na kliniki ya macho Wandegeya, ghorofa ya juu ya jengo lenye kliniki ya wajawazito chini. Alimwekea matone, akampima, akampima tena.

"Kuna mtu kwenu aliyepofuka?"

"Baba."

"Ni glakoma. Presha ya jicho. Pembeni mwa jicho la kushoto kilichopotea hakirudi, tusidanganyane. Kilichobaki ndicho tunachokilinda. Tone moja kila jioni, maisha yako yote, usiruke. Kila mwezi urudi nikupime. Kazi yako nini?"

Nangila alimwambia. Daktari akaweka kalamu chini.

"Ukisimama kwa kichwa presha ya jicho inapanda mara mbili, mama. Kwa mwenye macho mazima inashuka akishuka. Kwako ni kujimaliza. Hiyo imekwisha leo."

Alishuka ngazi zile akilia, akapita chini ya kibao chenye picha ya mama mwenye tumbo, akaingia barabarani bila kujua anakwenda wapi. Akilini alimwona baba yake kwenye kiti chake, akiuliza nani huyo kila akisikia hatua. Alimwona mama yake, miaka kumi na tisa sasa, hajawahi kwenda hata harusi ya jirani bila mkono wa baba kwenye kiwiko chake. Mama hakulalamika kamwe. Hilo ndilo lililomuuma Nangila kuliko yote. Akasema moyoni, Owuor sitamfanyia hivi. Nitanyamaza mpaka nijue la kufanya.

Na kazi je? Madam Adyero alikuwa ameandaa tamasha mwezi wa kumi, watu arobaini kwenye bustani Bugolobi, na Nangila mbele yao amesimama kwa kichwa dakika tatu. Tamasha likifana, anafungua tawi Ggaba, ziwani, na Nangila ndiye mkuu wake. Picha yake ya kichwa chini miguu juu ilikuwa imeshabandikwa kwenye nguzo za barabara yote. Alipita chini yake kila asubuhi, hana raha.

Akaanza kufundisha amesimama. Wanafunzi wakipindua vichwa, yeye anakwenda kukaa, na pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu: kona ya dirishani. Wiki ya kwanza watu walitazamana. Ya pili Anena akamminya mkono akitabasamu. Ya nne, Jumanne jioni, Nangila alikuta kwenye mkeka wake jozi ya soksi ndogo za manjano, zimefumwa kwa mkono.

Vigelegele! Darasa zima lilishangilia. Wewe ungefanya nini? Kukana ni kueleza, na kueleza ni kupoteza kazi palepale. Nangila alizishika zile soksi akacheka kijinga, akasema asanteni.

Ukutani, Owuor alikuwa kichwa chini. Aliziona soksi zimepinduka, akauona mkono wa Nangila umezishika, akaliona tabasamu. Alishuka vibaya, goti likapiga sakafu kwa kishindo. Akachukua viatu vyake mkononi, akatoka bila kuvivaa.

Nangila alimkimbilia mpaka kwenye ngazi. "Owuor! Ngoja basi!" Hakungoja.

Jumatano nzima Owuor hakupiga. Simu ililia Alhamisi asubuhi, na sauti haikuwa na "jaber" ndani yake.

"Za mtoto wa nani?"

"Hakuna mtoto, Owuor."

"Mimi sijavuka mlango wa chumba chako. Mwaka mzima natembea nikijisifu, kumbe mwenzangu ana mtu wake. Za mtoto wa nani?"

"Nimekwambia hakuna mtoto!"

"Basi kwa nini uko kona ya wamama?"

Nangila alizikunja zile soksi za manjano, akazificha chini ya mto.

"Unaona? Na Jumatatu nilikuwa Wandegeya napeleka godoro. Nikakuona unatoka kwenye jengo la picha ya mama mwenye tumbo. Nikakupigia hapo hapo, nakutazama kwa macho yangu. Ukaniambia uko Ggaba kwa Anena, unachagua samaki."

Nangila aliketi chini. "Nilidanganya," alisema. "Hilo nilidanganya. Lakini si hayo unayofikiri."

"Ni yapi?"

"Siwezi kukwambia sasa. Niamini tu, mpenzi wangu. Kidogo tu."

"Nilikuamini siku uliponiambia nilale chini mbele ya Kikuubo nzima." Alisikika akivuta pumzi kama alivyofundishwa, ila safari hii haikumsaidia. "Haya. Wewe mwenyewe ulitufundisha, mwenye mimba hapindui kichwa. Jumamosi ya kesho kutwa ni tamasha. Nitakuja. Nikiiona miguu yako juu, nitapiga magoti mbele ya watu wote niombe msamaha. Nisipoiona, wazee wangu wabaki Siaya."

Simu ikakatika. Nangila alipiga mara sita. Hakupokea hata moja.

Mchana ule ule Madam Adyero alifunga mlango wa ofisi. "Nangila, wewe iko na mimba?"

"Hapana, Madam."

"Basi Jumamosi miguu juu. Picha yako iko kwa barabara yote. Nisiaibike."

Zilikuwa siku mbili za mateso. Alitia tone lake jioni, akakaa kitandani akihesabu. Dakika tatu. Mtu hapofuki kwa dakika tatu. Baba yake hakupofuka siku moja, ilikuwa miaka. Dakika tatu, kisha kazi ipo, Owuor yupo, na hatasimama kwa kichwa tena maisha yake yote. Mara anakumbuka daktari alivyoweka kalamu chini. Kisha hasira inampanda: kwa nini niombwe ushahidi kama mwizi? Kisha anamtamani tena, anachukua simu, anaiweka.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri. Bustani ilijaa mikeka, na mikeka kumi na miwili ya mbele ilikuwa ile ile ya Kikuubo. Nangila alivaa suruali nyeupe na fulana ya manjano, nywele amezisuka nyuma zisizuie kichwa. Madam Adyero alikuwa amevaa gauni la gomesi la zambarau, mabega yamesimama, kipaza sauti mkononi, anawapungia wageni. Huko mwisho kabisa, kwenye ua wa michongoma, alisimama Owuor. Hakumpungia mtu.

"Sasa!" Madam Adyero alitangaza. "Mwalimu yetu! Dakika tatu!"

Nangila alipiga magoti, mgongo kwa watu ili waone anavyofanya. Alifumanisha vidole. Aliweka viwiko. Akaweka utosi kwenye mkeka, akainua magoti, akaanza kutembeza miguu kuja usoni.

Uzito ulikuja papo hapo, nyuma ya jicho la kushoto, kama kidole kinachosukuma kutoka ndani. Kupitia katikati ya miguu yake aliona bustani imepinduka, na miguu ya watu inaning'inia kutoka kwenye nyasi. Akaitafuta jozi moja. Akaiona kule kwenye michongoma. Kamba zilikuwa wazi, vifundo vimevimba kuliko hata siku ile ya kwanza. Mjinga yule! Tangu wagombane hakuwa ameweka miguu ukutani.

Alinyanyua mguu mmoja. Watu wakaanza kupiga makofi. Makofi yalipopanda, Nangila alijua kitu kimoja waziwazi: aliitaka miguu ile. Alitaka kuiona ikizeeka. Na mwanamume anayetaka jicho lako ndipo akuamini, hata akiwa na miguu ya dhahabu, hafai kupewa jicho hilo.

Akateremsha mguu. Akakaa juu ya visigino, akangoja kizunguzungu kipite kama anavyowafundisha wengine. Makofi yakakatika moja moja. Alisimama, akamwendea Madam Adyero, akachukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Sisimami," alisema. "Leo wala siku nyingine."

Kutoka mbele Anena alisema taratibu, "Si tulijua? Keti, usijitese, mama."

"Hamjui kitu. Siku ya kwanza nawatajia watu wanne wasiopindua kichwa. Wa nne mnamkumbuka wote, mmempa hata kona. Wa tatu ni nani?"

Walitazamana. Anena akahesabu kwa vidole, akasema, "Presha ya jicho?"

"Ndiye mimi." Sauti ilikatika, akaishika tena. "Daktari wangu yuko Wandegeya, ghorofa ya juu ya kliniki ya wajawazito. Amenikataza wiki ya tano sasa. Baba yangu alipofushwa na ugonjwa huu. Nilificha kwa sababu niliogopa kazi, na kwa sababu niliogopa mtu mmoja asije akawa fimbo yangu. Nilimdanganya. Mimba sina. Madam, ile picha ishushwe."

Madam Adyero alimshika bega. "Mjinga," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ulitaka kuua jicho mbele yangu? Kwa sababu ya picha? Mimi ni shetani?"

"Hapana, Madam."

"Na hii watu arobaini, nani anafundisha?"

"Mimi. Kwa mdomo. Sihitaji kupinduka ili nione kiwiko kilichokaa vibaya."

Madam Adyero alimwachia kipaza sauti.

Owuor alikuwa ameshaondoka kwenye ua. Alipita katikati ya mikeka akivua viatu huku anatembea, kimoja kimebaki hapa, kingine kule, watu wakimpisha. Alipofika mbele ya Nangila, pande lile la mtu likapiga magoti kwenye nyasi.

"Nilisema nitapiga magoti nikiiona miguu juu," alisema. "Sijaiona, na napiga."

"Inuka. Unatia watu aibu."

"Nisamehe, Nangila."

"Ulitaka jicho langu, Owuor."

"Sikujua."

"Hukuuliza vizuri. Ulihukumu, ukakata simu. Nilikupigia mara sita!" Alikuwa akilia sasa, wazi, mbele ya watu, wala hakujali. "Haya, mimi nilikudanganya, hilo langu. Lakini nikipofuka je? Umewahi kumwona mama yangu? Miaka kumi na tisa yuko na mkono wa mtu kwenye kiwiko. Utaweza wewe?"

Owuor alikitazama kiwiko chake mwenyewe, kikubwa, chenye kovu la kusimamia sakafuni. "Mama yako analalamika?"

"Halalamiki."

"Umewahi kumuuliza kwa nini?"

Kweli, Nangila hakuwahi kumuuliza.

"Siku ya kwanza hukunitazama uso," Owuor alisema. "Uliona miguu yangu inauma, watu wakacheka, wewe ukakaa juu ya godoro ukaningoja. Mimi nisiweze kukaa?" Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamgeukia Madam Adyero. "Madam, watu walikuja kuona mtu amesimama kwa kichwa. Nipo."

"Wewe? Ukuta iko wapi?"

"Nimemwacha mke wa kwanza."

Kicheko kilipita bustani nzima, na Nangila naye kilimtoka katikati ya machozi. Akajifuta pua. Kisha akawa mwalimu. "Viwiko upana wa mabega. Si hivyo, vilete ndani. Umepimwa presha?"

"Jumatano."

"Sukuma ardhi kwa mikono. Tembeza miguu. Usiruke! Magoti kifuani kwanza. Hapo. Pumua. Sasa nyoosha, taratibu."

Miguu ile iliyovimba ilipanda. Iliyumba kulia, ikayumba kushoto, watu wakashika vinywa. Nangila alitandaza mikono pande zote mbili bila kumgusa. "Kaza tumbo. Mimi nipo. Hesabu ya sitini tu." Miguu ikatulia angani, hakuna ukuta, hakuna mtu, soksi moja ina tundu kidoleni.

Bustani ililipuka kwa vigelegele.

"Jaber," sauti ilitoka chini, imebanwa. "Utanioa? Yaani, nitakuoa?"

"Kumi na tisa, ishirini. Naona nyayo mbili zinaongea. Mimi sijibu nyayo."

"Nishuke?"

"Ukishuka kabla ya sitini, jibu ni hapana. Ishirini na nne."

"Nangila, damu yote iko kichwani!"

"Ndiyo faida yake, utapata akili. Thelathini."

Alimzunguka polepole, akasimama upande ambao aliweza kumwona mzima, kuanzia viwiko vinavyotetemeka mpaka kwenye kile kidole kilichotoboa soksi. Alihesabu kwa sauti, na watu arobaini wakahesabu pamoja naye. Vifundo vilikuwa vimeanza kupungua, aliona mistari ya lastiki. Alivitazama mpaka mwisho, hakupepesa.

"Hamsini na tisa. Sitini." Akachuchumaa kando yake. "Shuka taratibu, kunja magoti kwanza. Ndiyo, Owuor. Nitaolewa na wewe."